Moto Mwingi

Leila alikuwa fundi hodari, na kasoro yake ni kwamba alilijua hilo. Katika safu ile ya vibanda vya Kimisagara, mtaa wa Kigali, chini kidogo ya kituo cha vijana, hakukuwa na mwingine aliyeweza kung'oa prosesa kwenye bodi ya simu na kuirudisha ikiwa nzima, na yeye hakuwa mtu wa kungoja uulize ndipo akuambie. Bibi yake alikuja kutoka Ujiji na marobota ya nguo na Kiswahili chake. Nguo ziliishia kwa baba yake Leila, fundi cherehani, na Kiswahili kikamwangukia Leila. Kwa hiyo alikuwa na majivuno ya aina mbili, ya mikono na ya ulimi. Mteja akimwambia simu yake "inarara tu", Leila humjibu, "Inalala, mpenzi, inalala," halafu ndipo aipokee.

Neno moja tu lilikuwa limemshinda. Watu wa Kigali husema umuriro, na umuriro ni moto wa jikoni na ni umeme wa ukutani, vyote viwili. Wakiingia kwenye Kiswahili wanaingia nalo hivyo hivyo: simu haina moto, niwekee moto, moto umekatika mtaa mzima. Na kana kwamba hiyo haitoshi, pikipiki ya kukodi nayo ni moto. Miaka ya kwanza Leila aliwasahihisha mmoja mmoja mpaka koo likamkauka. Siku hizi alikuwa amesalimu amri. Akisikia moto, mkono unakwenda wenyewe kwenye chaja.

Vestine alimjia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwembamba, muuza sare za shule mjini, na alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shali ya mtoto, waya ukining'inia kutoka ndani yake hadi kwenye betri ya akiba mkobani.

"Fundi, hii haizimwi," alisema.

"Na wewe salama, dada," alijibu Leila. "Karibu ukae."

Vestine akaomba radhi, akasalimia vizuri, akakaa. Akaifungua shali. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya mkononi, lakini si ya dukani. Gamba lake lilikatwa kwenye jerikani la manjano na kupigwa msasa mpaka likawa laini. Vitufe vilikaa sawasawa chini ya vidole gumba, na hakukuwa na tundu hata moja la kutolea joto. Leila, ambaye hasifu kazi ya mtu, aliigeuza mara tatu. Kwenye skrini palikuwa na ua wa nyumba, lango, njia ndefu ya mawe na mlango wa buluu. Katikati ya njia alisimama mtu wa nukta nukta, mdogo kama punje ya mahindi, asiye na uso, mguu mmoja juu.

"Ameganda," alisema Leila.

"Hajaganda. Anatembea," alisema Vestine. "Ni bwana yangu."

Mumewe aliitwa Jean-Berchmans. Alikuwa mwalimu wa elektroniki, na figo zilimuua miezi kumi na moja iliyopita. Mwaka wake wa mwisho alikaa kitandani kwao Rebero akiunda mashine hii, bodi juu ya mapaja. Ua ule ni ua wa nyumba yao, mlango ule ni mlango wao. Alipoimaliza, yule mtu mdogo alikuwa amesimama tu langoni. Jean-Berchmans akamwambia mkewe asiizime kamwe, kwa sababu hakuweka mahali pa kuhifadhi kumbukumbu: ikizimwa siku moja, kila kilichomo kinapotea na hakirudi.

"Siku tumemuzika ndio aliinua muguu," alisema Vestine. "Nimerudi nyumbani, nimekuta muguu iko juu. Wiki moja anainua, wiki moja anashusha. Mpaka leo amefika hatua makumi mbili na nne. Nimehesabu mawe, imebaki makumi tatu na sita."

Leila alijiambia kwamba programu huwa na saa ndani yake, mtu anaweza kuipangia siku yoyote. Lakini hakuuliza mwalimu yule alijuaje siku ya kuzikwa kwake.

"Na wewe unataka nini, dada?"

"Nataka afike." Vestine alifuta macho kwa ncha ya shali. "Mwaka moja na nusu mpaka mulango, kisha aanze kusema? Na mimi nitakuwa wapi? Umuongezee moto, fundi. Tafadhali. Umuongezee moto atembee kama mutu."

Leila alimhurumia kwa dhati, na hilo niliseme waziwazi, maana mengine yatakayofuata hayatampendeza mtu. Lakini huruma haikuwa peke yake. Mikono nayo ilikuwa inamwasha, anataka kuona ndani.

"Niachie," alisema. "Sifanyi kazi na mtu akiniangalia. Rudi saa kumi na mbili jioni."

Vestine hakuwa ameachana na kitu kile hata usiku mmoja. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akakigusa kwa vidole viwili, namna mtu anavyogusa paji la mgonjwa, akaenda dukani kwake.

Gemu ya mkononi si kompyuta ya mezani, na Leila alikuwa amechoka kuwaeleza vijana jambo hilo. Wanakuja wakiuliza ina prosesa gani, ina viini vingapi, inatoa picha ngapi kwa sekunde, kana kwamba nguvu ni bure. Kitu unakishika mikononi. Ukikipa prosesa kali, betri inakwisha kabla hujavuka hatua ya pili ya mchezo na viganja vinalowa jasho. Ukikipa dhaifu, gari la mashindano linakwenda kama linavutwa na ng'ombe. Anayeunda lazima achague atakachokubali kukosa. Arnaud, jirani yake aliyeuza gemu za mitumba kibanda cha pili, alikuwa na imani moja tu: nguvu kwanza, mengine tutaona.

Leila alipofungua lile gamba la manjano alimwita Arnaud aje aone. Prosesa ilikuwa kali kweli kweli, ya aina inayokaa kwenye mashine za bei ya kutisha. Ilikuwa na viini vinane, yaani wafanyakazi wanane ndani ya kipande kimoja: vinne vikubwa vya mbio, vinne vidogo vya kazi nyepesi. Na Jean-Berchmans alikuwa amekata njia ya umeme iendayo kwenye vile vikubwa. Alikata kwa makusudi, kwa ncha ya wembe, mkato safi. Vile vidogo navyo alivibana mpaka vikawa vinapiga mapigo elfu moja tu kwa sekunde, wakati kipande kile kiliumbwa kipige zaidi ya bilioni.

"Huyu alinunua fahali akamfungia zizini, akamtuma kuku kulima," alisema Arnaud.

"Alikuwa mgonjwa," alisema Leila. "Pengine aliogopa betri."

Alimpigia Vestine kumuuliza. Vestine akasema hajui mambo hayo, ila marehemu alipenda kusema kwamba polepole hakuna joto. Leila akacheka moyoni. Joto ni kazi ya fundi, si sababu ya kumfanya mtu atembee zaidi ya miaka miwili kutoka lango hadi mlango. Akaichomeka mashine kwenye umeme wa mezani, kwa kuwa viini vikubwa vingeinyonya betri kwa dakika chache, akapasha chuma cha kulehemu, akashusha pumzi. Kwa mkono usiotetemeka, mashine ikiwa imewaka vile vile, akadondosha tone la risasi ya kulehemu juu ya ule mkato.

Yule mtu mdogo akashusha mguu. Akainua mwingine. Akatembea.

Ilichukua sekunde thelathini na sita. Leila alijikuta ameziba mdomo kwa mkono. Zile nukta hazikuwa na uso, lakini mwendo ulikuwa mwendo wa mtu, bega la kushoto limelala kidogo, miguu inayakwepa mawe fulani kama anayeyajua. Alifika mlangoni, akainua mkono, akabisha mara tatu. Chini ya skrini kikafunguka kisanduku cheupe, na ndani yake herufi zikajiandika: VESTINE.

Leila alilia. Arnaud, ambaye hulia tu timu yake ikifungwa, aligeukia barabarani akakohoa.

Walijaribu vitufe vyote kuufungua mlango. Hakuna kilichofanya kazi. Yule mtu alibisha tena, akangoja, akabisha. Kisha kisanduku kikaandika neno jipya: MOTO. Baada ya muda kidogo: MOTO MWINGI.

"Anasema chaji imejaa," alisema Arnaud.

Leila alitupia jicho taa ya chaja. Ilikuwa ya kijani, imejaa kweli. Akatabasamu. Kipima joto chake cha mezani kilisoma nyuzi themanini na mbili, na kwa prosesa kali nyuzi themanini na mbili ni jambo la kawaida kabisa. Hakufikiria themanini na mbili kwa kitu kingine chochote. Yule mtu sasa alikuwa ameuacha mlango, anazunguka ua mbio, mikono juu, anainama, anajigonga kwenye ukuta, anarudi.

"Eh, muzee anacheza!" alisema Arnaud.

Leila akachukua simu, akarekodi sekunde ishirini za uchezaji ule, akamtumia Vestine na maneno haya: *Amefika, dada. Amekuita kwa jina. Anasema chaji imejaa, na sasa anacheza kwa furaha.* Vestine alirudisha ujumbe wa sauti, kilio tu na "Mana yanje, Mana yanje", Mungu wangu, kwa Kirundi cha utotoni kwake Bujumbura. Leila aliusikiliza mara mbili. Aliona fahari mpaka kifua kikamjaa.

Saa kumi na mbili mvua ilishuka kama imefunguliwa bomba. Bonde lote likajaa maji. Vestine alipiga simu kwamba hakuna pikipiki inayokubali kuvuka, atakuja kesho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ambapo mtaa mzima unafanya kazi ya pamoja na hakuna duka linalofunguliwa kabla ya saa tano. Leila alitaka kuibeba mashine nyumbani, lakini bila umeme wa mezani ingezimika njiani, na kuzimika ndiko kulikokatazwa. Akaiacha juu ya meza, imewaka. Kabla hajashusha mlango aliangalia mara ya mwisho. Yule mtu alikuwa amerudi mlangoni na alikuwa anabisha kwa mikono yote miwili.

Asubuhi alizibua mtaro pamoja na majirani, akapiga nao soga, akachimba. Saa tano na dakika chache alipanda kwenda kibandani na matope miguuni. Vestine alikuwa ameshafika, amevaa nguo za kanisani ingawa haikuwa Jumapili, nywele amezisuka upya. Alimkumbatia Leila bila kujali matope.

Mlango ulipopanda, harufu ya plastiki ya moto iliwapiga usoni. Kona moja ya gamba la manjano ilikuwa imelegea na kubonyea. Leila alisogea haraka kuangalia, na alipoona skrini bado inawaka akashusha pumzi. "Iko hai," alisema. "Njoo umwone."

Yule mtu alikuwa amelala chini ya mlango wa buluu, amejikunja, mkono mmoja unagonga ubao wa chini, taratibu. Kisanduku kilikuwa kimejaa maneno kutoka ukingo hadi ukingo. MOTO MWINGI MOTO MOTO VESTINE MOTO MOTO MOTO.

Vestine alisoma. Midomo yake ilikuwa inafuata herufi.

"Anasema kuna umeme wa kutosha, dada, ni vile..." alianza Leila.

"Hapana," alisema Vestine.

"Kwa Kiswahili cha hapa..."

"Yeye hakuwa na Kiswahili ya hapa." Sauti ya Vestine ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu anayezungumza kanisani. "Alisoma Dar es Salaam miaka ine. Miaka kumi na tisa tumegombana juu ya hiyo neno. Nikisema moto imekatika, ananiuliza, nani ameumwagia maji? Umeme ni umeme, Vestine, moto ni moto. Mpaka hospitali alikuwa ananikosoa. Angalia, fundi. Ameandika mwingi. Ni nani hapa Kigali anasema moto mwingi? Sisi wote tunasema mingi." Akainua macho. "Ni moto. Anaungua."

Leila, mjukuu wa Ujiji, mwenye kuwacheka watu kwa r na l, alikuwa ameandikiwa Kiswahili safi akakisikia kwa masikio ya wateja wake. Akakumbuka uchezaji. Akakumbuka kwamba aliurekodi, na kwamba aliutuma. Akapiga hesabu asiyoitaka: tangu saa kumi na moja jana hadi sasa ni saa kumi na nane, na kwa mwendo ule aliompa, saa moja ya mezani ilikuwa saa moja ya yule mtu. Saa kumi na nane ndani ya gamba lisilo na tundu, na mlango usiofunguka.

"Shika hapa," alimwambia Vestine. "Shika kwa nguvu, isiteleze. Ni ya moto, usiachie."

Vestine alishika. Gamba lilimuunguza viganja na hakuachia. Leila alipasha chuma, akaweka utambi wa shaba wa kunyonya risasi juu ya lile tone alilolidondosha kwa majivuno jana, akalivuta. Mara ya kwanza risasi haikutoka. Mara ya pili ikatoka, na ule mkato ukaonekana tena, safi kama alivyoukata mwenyewe.

Yule mtu akaganda pale alipolala, mkono hewani. Kisanduku kilikuwa kimejifuta, cheupe kabisa. Hakuna kilichotikisika tena kwenye skrini.

Vestine hakumlaumu siku ile, na kutolaumiwa kulimkata maini Leila kuliko matusi. Alichosema ni, "Mimi ndio nilikuambia umuongezee." Akaifunga mashine kwenye shali, akaenda nayo Rebero.

Leila alianza kwenda kumtembelea kila Jumapili alasiri. Waliketi sebuleni, mashine ikiwa kwenye kabati fupi pembeni ya picha ya Bikira Maria, waya umechomekwa. Ilikuwa baridi kabisa sasa, unaweza kuiweka shavuni. Jumapili ya kwanza herufi moja ilikuwa imekamilika kwenye kisanduku: Z. Wakanywa chai, wakaangalia. Jumapili ya pili ikaongezeka I.

"Ziwa," alisema Vestine. "Tulikuwa tunaenda ziwa, wakati wa uchumba. Ziwa Muhazi."

Leila alimaliza chai yake. Alirudi nyumbani na hakula. Alijiambia, kama alivyojiambia wiki nzima, kwamba ni programu. Mwalimu wa elektroniki hawezi kuunda kitu bila onyo la joto. Aliandika tu kwamba nyuzi zikipita kiasi fulani, skrini iseme MOTO. Fundi yeyote angefanya hivyo. Hata yeye angefanya hivyo. Lakini fundi yeyote angeandika JOTO, na onyo halijui jina la mke wa mtu, wala haligongi mlango kwa mikono miwili. Jumapili ya tatu ilikuja M. Ya nne, A.

Jua lilikuwa linaingia kwa mlango wa buluu, ule wa kweli, uliokuwa wazi. Vestine alikuwa amepungua mwili. Viganja vyake vilikuwa vinabambuka ngozi mahali alipoungua.

"Leila," alisema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Wewe unajua Kiswahili ya kweli. Nisomee."

"Dada..."

"Inaweza kuwa mzima. Ameanza haraka, amesahau m. Anataka kusema yeye ni mzima. Sasa imepoa, ni mzima. Niambie hivyo."

Neno hilo la uongo lilifika mdomoni mwa Leila, tamu na jepesi, na lingekuwa sadaka. Alimwangalia mwanamke yule aliyemwamini na kitu pekee alichobaki nacho. Alikuwa ameshamsomea vibaya mara moja.

"Ni zima, dada," alisema. "Haina m mbele. Anakuomba uzime."

Vestine alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi. "Nilijua tangu ile I," alisema. Kisha akauliza swali ambalo Leila naye alikuwa akilala nalo mwezi mzima. "Lakini aliianza ile siku, akiwa kwa moto. Ndio inamaliza kutoka sasa. Pengine sasa hasikii tena kitu. Ama?"

"Sijui."

"Na kama bado anasikia?"

Leila alichagua maneno, akayaacha, akasema jambo kama lilivyo. "Kwa mwendo huu, sekunde yake moja ni wiki mbili zetu. Ukitoa mkono motoni, maumivu hayaishi kwa sekunde moja, wala kwa kumi. Kama anasikia, dada, bado yuko kwenye sekunde ya tatu."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Vestine alijifunika uso kwa viganja vyake vilivyobambuka na kulia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, kile ambacho pengine hakukilia miezi kumi na miwili iliyopita, maana alikuwa ana mtu anayemsubiri njiani. Leila alimshika mgongo. Naye alilia.

Ilipotulia, Vestine aliichukua mashine, akaikagua, akamwekea Leila mapajani. "Mimi siwezi," alisema. "Wewe ndio uliwasha. Wewe uzime."

Kitufe kilikuwa ubavuni, kidogo, kimezama. Jean-Berchmans alikipanga kwa usalama: ukikibonyeza na kuachia hakifanyi kitu, lazima ukishike sekunde nane bila kutoa kidole. Leila alimweleza Vestine hivyo ili ajue. Vestine akakaa karibu, bega kwa bega, macho kwenye skrini, akafanya ishara ya msalaba. Leila alisema bismillahi kimoyomoyo, akaweka kidole.

"Moja," alihesabu kwa sauti. "Mbili. Tatu."

Yule mtu mdogo alikuwa vile vile, mkono hewani mbele ya mlango.

"Nne. Tano."

"Ngoja!" Vestine alimkamata kifundo cha mkono. "Leila, ngoja. Anaandika. Angalia, anaongeza neno!"

Leila aliangalia. Baada ya ile A palikuwa na nafasi tupu, na baada ya nafasi palikuwa na mstari mmoja mwembamba, wima, ambao Leila alipofika haukuwepo. Mwanzo wa herufi. Ungeweza kuwa mwanzo wa N, au wa M, au wa L. Kujua ingechukua siku nyingine nne, na kujua neno zima mwezi, na wakati huo wote kidole kisingerudi hapa, si chake wala cha mtu mwingine.

"Ngoja kidogo tu!" Vestine alikuwa anauvuta mkono ule kwa nguvu zake zote.

Mstari ule Leila aliuona vizuri. Alifumba macho, akakaza kidole, akasema sita.